Kufunga Mawe kwa Waya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza

Ukurasa huu ni wa mtu aliye na jiwe laini, linalong'aa, lisilo na tundu, na anataka livaliwe shingoni bila kulipeleka kwa sonara. Majibu yamepangwa kwa mazingira ya Uganda, ambako duka la vifaa vya umeme liko kila kona na duka la vifaa vya vito ni la kutafuta. Kazi ya anayeanza naipima kwa mambo mawili tu: jiwe lisichomoke, na waya usimkwaruze mvaaji. Urembo huja baadaye. Usipokuja pia, kidani kitavalika.

Je, lazima nijue usonara kwanza?

Hapana. Sonara anayeyusha na kulehemu. Sisi tunapinda na kufunga, kazi baridi, isipokuwa pale unapolainisha waya motoni. Aliyewahi kusuka mkeka, kikapu au nywele tayari ana nusu ya ujuzi vidoleni: anajua kuvuta bila kukata, na anajua kwamba mzunguko mmoja uliolegea huharibu yote yanayofuata.

Vifaa vya kuanzia ni vipi?

Plaisi tatu: ya mdomo wa duara kwa kutengeneza vitanzi, ya mdomo bapa usio na meno kwa kubana na kupinda, na ya kukatia. Hilo la kutokuwa na meno ni muhimu. Plaisi ya fundi umeme huacha alama kwenye shaba kila ikibana, na alama hizo huonekana hata baada ya kupiga msasa. Kama hiyo ndiyo uliyo nayo, izungushie utepe wa umeme kwenye midomo yote miwili, tabaka mbili, na uubadilishe ukichakaa.

Ongeza rula, kalamu ya maka, tupa ndogo, msasa namba 400 na 800, na selotepu. Vaa miwani, hata ya jua. Kipande kinachokatwa huruka popote kinapotaka, kwa hiyo kila unapokata funika ncha kwa kidole cha mkono wa pili. Wanafunzi wengi hulipuuza hili mpaka kipande kimguse mtu jicho.

Ninunue waya wa aina gani?

Shaba nyekundu. Ni laini, hairudi nyuma ukishaipinda, bei yake inavumilika, na ukiharibu unaweza kuilainisha motoni ukaitumia tena.

Alumini ni rahisi na haishiki kutu, ila ni laini kupita kiasi. Jiwe zito huifungua taratibu mfukoni. Itumie kwa mazoezi. Waya wa kufungia nondo, ule wa wajenzi, uache: ni mgumu kwa vidole, hushika kutu na kuchafua kola ya shati. Waya uliopakwa fedha juu huwavutia wanaoanza, lakini ndani yake ni shaba tupu. Ukiukwaruza kwa plaisi, wekundu unatokeza, na hakuna msasa utakaokusaidia hapo kwa sababu msasa unazidi kuondoa ule utando wa fedha.

Shaba si ngeni kwetu. Ilichimbwa Kilembe, Kasese, kuanzia mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa, na reli ilifikishwa Kasese kwa sababu yake. Waya wa dukani leo huenda umesafiri kutoka mbali sana, lakini mteja wa Kasese ukimkumbusha historia hiyo, mazungumzo ya bei huanza vizuri.

Namba za geji zinanichanganya. Nisemeje dukani?

Sema milimita. Geji inahesabu kinyume, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, na tena kuna mifumo miwili: geji 20 ya Kimarekani ni 0.81 mm, ya Kiingereza ni 0.91 mm. Video nyingi unazotazama zinatumia ya Kimarekani, na muuzaji wako huenda anatumia nyingine.

Kwa kidani cha kwanza unahitaji unene wa aina mbili: 0.8 mm kwa fremu, yaani nyaya zinazolikumbatia jiwe, na 0.4 au 0.5 mm kwa kufungia fremu hiyo. Basi.

Waya wa umeme wa nyumba unafaa?

Unafaa, ukijua unachonunua. Namba iliyoandikwa kwenye kebo ya nyumba ni milimita za mraba, wala si kipenyo. Waya wa 1.5 una kipenyo cha kama 1.4 mm, na wa 2.5 unakaribia 1.8 mm. Hizo ni nene mno kwa kidani, ila ni nzuri kwa bangili. Kilichofichika ni ule waya wa ardhi ulio katikati ya kebo bapa ya 1.5: hauna plastiki, na kipenyo chake ni kama 1.1 mm. Mwombe fundi anayefunga umeme kwenye jengo akuuzie vipande vilivyobaki. Kwa jiwe kubwa, lenye ukubwa wa yai la kuku mdogo, huo ndio waya wa fremu.

Waya wa kunyumbulika, wenye nyuzi nyingi ndogo ndani, haufai kwa fremu. Na plastiki ivue kwa kisu, usiichome. Moshi wake ni sumu, na shaba hutoka nyeusi yenye nta ambayo utaisugua mpaka uchoke.

Na waya wa kusukia mota?

Huu ndio ninaoupenda kwa kufungia. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaosuka mota upya wanao wa unene mwingi, na kwa kawaida unauzwa kwa uzito, kwa hiyo ni vizuri kujua hesabu. Mita moja ya shaba ya 0.8 mm ina gramu 4.5 hivi, maana yake gramu 100 zinakupa karibu mita 22. Waya wa 0.4 mm ni mwepesi zaidi: gramu 100 ni karibu mita 88, na hizo ni vidani vingi sana. Usikubali kuuziwa kilo.

Waya huu umepakwa vanishi. Faida yake ni kwamba haubadiliki rangi haraka. Hasara ni kwamba ukipinda kwa nguvu vanishi hubanduka kwa mabaka, na huwezi kuuweka motoni: moshi wa vanishi hiyo haufai kuvutwa kabisa. Ukitaka shaba tupu, iondoe kwa msasa.

Jirani ana shaba ya bei chee na hana risiti. Ninunue?

Usinunue. Nyaya na transfoma zinaibwa nchini, na sheria ya umeme iliporekebishwa mwaka 2022 adhabu ziliongezwa sana. Kidani kimoja hakistahili kukupeleka polisi. Chukua kwa fundi unayemjua au dukani.

Nianze na jiwe gani?

Lenye umbo la yai lililobanwa kidogo, urefu wa sentimita 3 hivi, bila kona kali. Jiwe la mviringo kamili kama gololi ni gumu kulifunga kwa sababu halina ukingo wa kushikia, na la umbo la moyo humtesa hata mzoefu.

Ugumu nao una maana. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachokwenda 1 hadi 10 (10 ndiyo gumu kabisa), akiki, amethisto na mawe mengine ya jamii ya kwatzi yako kwenye 7. Plaisi ikiteleza, ni plaisi itakayoumia. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari linaloletwa na wafanyabiashara kutoka Kongo, liko kati ya 3.5 na 4, na kalisiti ni 3. Haya yanakwaruzika plaisi ikiteleza juu yake. Ni mazuri mno, sikatai, lakini yasubiri.

Tanzanaiti ya Mererani, ukibahatika kuipata, usiiguse kwa plaisi ukiwa bado unajifunza. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7, lakini ina tabia ya kupasuka kwa kufuata mshipa wake wa ndani ikigongwa.

Mjini Kampala, tafuta kwenye soko la sanaa lililo nyuma ya National Theatre na lile la Buganda Road. Kulabu, cheni na shanga ni rahisi zaidi Kikuubo na kuzunguka Owino.

Naweza kuokota mawe mwenyewe?

Kokoto za mtoni au ziwani, kwa matumizi yako, kwenye ardhi uliyoruhusiwa, hazina shida. Ndani ya hifadhi ya taifa usichukue hata moja. Kuchimba na kuuza vito ni biashara ya madini, na Sheria ya Madini ya mwaka 2022 inataka leseni.

Kulisugua jiwe gumu kwa mkono mpaka ling'ae ni kazi ya kuchosha. Mashine ya kuviringisha hupitisha jiwe hatua nne, kuanzia unga mkwaruzo hadi wa kung'arisha, na kila hatua huchukua kama wiki. Mawe laini unaweza kuyapiga msasa wa maji, yakiwa yamelowa muda wote ili usivute vumbi. Malakiti usilisage wala kulisugua nyumbani, vumbi lake lina shaba na ni sumu.

Nitajuaje kama si kioo, au limetiwa rangi?

Kioo mara nyingi kina viputo vidogo ndani ukikitazama kwenye jua, na kwatzi hubaki baridi mkononi kwa muda mrefu zaidi. Rangi ijaribu kwa pamba yenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha, upande wa nyuma. Akiki ya pinki kali au buluu ya kung'aa karibu kila mara imetiwa rangi. Hakuna ubaya kuiuza, mradi umwambie mnunuzi.

Nipe hatua za kidani cha kwanza, dada, polepole.

Sawa. Chukua uzi, uzungushe kwenye ukingo wa jiwe kwa urefu wake, upime kwenye rula. Jiwe la milimita 30 kwa 22 litakupa kama sentimita 8. Ongeza 12 za juu: ni 20. Kata nyaya tatu za 0.8 mm za urefu huo, na sentimita 50 za waya mwembamba. Upana wa nyaya tatu zikilala pamoja ni milimita 2.4, unaotosha jiwe la unene wa milimita 5 au 6. Jiwe nene zaidi linataka nyaya nne.

Nyoosha nyaya kwa kuzivuta katikati ya kitambaa kikavu mara chache. Zilaze zikigusana, zibane kwa selotepu karibu na ncha zote mbili, tia alama ya maka katikati. Hapo ndipo chini ya jiwe patakapokaa.

Anza kufungia kwenye alama. Acha mkia wa sentimita 2 wa waya mwembamba, zungusha mara sita ukiuelekeza kwa kidole gumba, kila mzunguko ukigusana na uliotangulia. Hapa usiwe na haraka. Mzunguko ukipanda juu ya mwenzake, rudi nyuma uurekebishe sasa hivi, baadaye hautarekebishika. Mwisho wa kufunga ukate upande utakaolala kwenye jiwe, usiwahi kuuacha upande wa nje, kisha uubane kwa plaisi bapa. Fanya vifungo vingine viwili, kimoja kila upande, sentimita 2 hivi kutoka katikati.

Toa selotepu. Lizungushie jiwe fremu hiyo kwa vidole, bila plaisi, kuanzia chini. Ncha sita zitakutana juu. Zibane pamoja kwa vidole na uzifunge mizunguko minne. Jiwe bado litateleza, ni kawaida, kwa sababu nyaya zote ziko ukingoni.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Nyaya zilizobanwa kwa vifungo zina nafasi huru kati ya kifungo na kifungo. Kwenye nafasi hizo, shika waya wa mbele kabisa kwa ncha ya plaisi na uuvute uingie juu ya uso wa jiwe, milimita 2 au 3 tu. Fanya hivyo sehemu nne za mbele, halafu nne za nyuma kwa waya wa nyuma. Waya wa katikati hauguswi, unabaki ukingoni. Ukimaliza, jiwe limeshikwa pande zote mbili na halina pa kwenda.

Juu, pandisha ncha mbili za katikati, zizungushe kwenye kalamu kuelekea nyuma, urudi nazo chini kwenye shingo ya kidani, pale ulipofunga mizunguko minne, uzifungie hapo. Hicho ndicho kitanzi cha kupitishia cheni. Ncha nne zilizobaki: mbili za mbele zikunje ziwe konokono ndogo zinazolala juu ya uso wa jiwe, mbili za nyuma zizungushe shingoni, kata, piga tupa.

Jiwe langu bado linacheza. Nimekosea wapi?

Mara nyingi vifungo vya pembeni viko juu mno, kwa hiyo nyaya zinavutwa ndani karibu na bega la jiwe na chini pamebaki wazi. Kishike kidani karibu na sikio ukitikise. Ukisikia mlio, bana waya pale mlio ulipo, kwa kuupinda kidogo katikati uwe kama mkunjo wa herufi z. Mkunjo huo hufupisha waya na kuukaza.

Nitumie gundi kidogo?

Hapana. Gundi hubanduka kwa jasho na joto, na siku ikibanduka utajua kwamba waya ulikuwa pambo tu.

Nitajuaje kama kinakwaruza?

Kipitishe juu ya kitambaa cha gomesi, ile gauni ya sherehe ya akina mama wa Uganda, au leso yoyote ya hariri au poliesta nyembamba. Kikinasa uzi, kuna ncha hujaimaliza. Jaribio hili halina huruma na ndiyo maana nalipenda. Wateja wako watavaa vidani hivyo na gomesi kwenye kwanjula, sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwao, na mama akishavutwa uzi wa nguo ya sherehe hatarudi kwako, hata jiwe liwe almasi.

Waya umekuwa mgumu na unakatika.

Shaba hukakamaa kila inapopindwa. Ilainishe: ikunje duara, iweke juu ya makaa ya sigiri kivulini, ngoja iive wekundu wa kufifia, itumbukize majini. Itatoka nyeusi, isugue kwa ndimu na chumvi. Fanya hivi kabla jiwe halijaingia, na usifanye kwa waya wenye vanishi.

Shaba inaacha rangi ya kijani shingoni. Ni hatari?

Si hatari. Ni jasho linalokutana na shaba, na linaoshwa kwa sabuni. Upande wa nyuma upake nta ya nyuki au rangi ya kucha isiyo na rangi, urudie ikichakaa. Kuna wanaopenda shaba ikiwa imefifia, na kuna wanaoitaka iwe nyekundu kila siku. Muulize mteja kabla.

Nataka ionekane ya zamani.

Chemsha yai likomae, lipasue likiwa moto, liweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na kidani, visigusane. Salfa ya yai itaitia shaba weusi wa kahawia. Ichungulie kila baada ya dakika chache, kisha sugua sehemu zilizoinuka kwa sufu ya chuma laini kabisa, weusi ubaki kwenye mashimo ya msuko. Utahitaji kuvumilia harufu.

Lulu, marijani na feruzi zisipitishwe huko. Na ndimu isiguse mawe hayo, wala malakiti wala marumaru: asidi inayala.

Hereni pia?

Pambo linaloning'inia, ndiyo, la shaba. Kulabu inayoingia sikioni, hapana. Nunua ya fedha au chuma kisichoshika kutu cha daraja la tiba. Masikio mengi hayavumilii nikeli, na kulabu za bei rahisi zimejaa nikeli.

Naweza kuchanganya na shanga za karatasi?

Changanya! Kina mama wa Acholi Quarter, Kireka, wamefanya shanga za karatasi zijulikane nje ya nchi, na jiwe moja zito katikati ya shanga nyepesi hukaa vizuri kifuani. Angalia tu kwamba vanishi ya shanga imekauka kabisa kabla hujaibana na waya.

Niuze bei gani?

Tuseme vifaa ni shilingi 7,000 na umefanya kazi saa mbili. Kama saa yako unaithamini 4,000, gharama ni 15,000, hujaweka boda boda wala meza ya soko. Ukiuza 12,000 kwa sababu mwenzako anauza 12,000, wewe ndiye unayemlipa mteja. Ukiona bei ya haki haiuziki, punguza muda wako wa kutengeneza kwanza, usipunguze waya.

Vya mwanzo wape ndugu. Wao watavivaa kila siku bila kuvionea huruma, na ndani ya mwezi utajua kipi kinaachia.

Wateja wanauliza jiwe linatibu nini.

Waambie jina lake, ugumu wake na lilikotoka. Mgonjwa mwelekeze zahanati.

Nihamie lini kwenye fedha?

Ukiweza kufunga vidani viwili vya jiwe la ukubwa uleule na mabaki ya waya yakawa chini ya sentimita 3 kila ncha. Kabla ya hapo unakata na kutupa pesa. Tafuta fedha yenye alama ya 925, yaani asilimia 92.5 ni fedha halisi na iliyobaki kwa kawaida ni shaba, iwe laini, ya 0.8 mm, mita moja tu. Vipande vidogo vikusanye kwenye chupa; sonara hununua fedha chakavu kwa uzito.